Viwavi Kwenye Nondo za Dirisha

Careen alikuwa na miaka minne na nusu, na alikuwa ameacha kuongea na mama yake kwenye simu. Si kwa hasira. Bibi yake, Mama Gaudiosa, alimshikisha simu kule Bukoba na kumwambia, "Haya, msalimie mama." Mtoto akasema shikamoo haraka haraka, kama mtu anayerudisha chungio la jirani, kisha mbio nje. Albina, mama yake, akabaki anaangalia dari ya mama mkwe wake na kusikiliza kuku.

Alimpeleka nyumbani yeye mwenyewe, miaka miwili iliyopita. Kangle, mtaa wanaoishi hapa Guangzhou, ni mtaa wa cherehani. Chini ya chumba chao kuna watu wanashona, juu kuna watu wanashona, na vumbi la nyuzi lilikuwa linambana mtoto kifua. Daktari akasema atafutiwe hewa nyingine. Hewa nyingine ilikuwa Bukoba.

Mmea aliununua kwa sababu ya maua tu, mekundu yenye njano katikati. Akauweka nje ya dirisha, ndani ya nondo za kuzuia wezi, mvua za miezi mitatu zikauosha. Ukivunja jani lake linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Siku moja akakuta vidudu vyembamba vya mistari, nyeusi, nyeupe na njano, vinatafuna. Alikuwa ameshashika ndala. Bahati nzuri alikuwepo Murshid, mwanafunzi wa kilimo kutoka Tanga, amekuja kuchukua nguo za kutuma kwao.

"Dada, acha! Hao ni viwavi wa kipepeo. Wamarekani wanaupanda mmea huu majumbani kwa ajili ya kipepeo wao wanayemwita mfalme."

"Kwa hiyo huyu ni mfalme?"

"Huyu ni ndugu yake. Hata kwenu Bukoba yupo, hamjamwangalia tu. Yeye na mfalme hawali kitu kingine, ni majani ya jamii hii. Ukiyamaliza, umewamaliza."

Jioni ile, kwa kukosa la kusema, Albina aliigeuza kamera kwenye jani. Careen, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akarudi.

"Mama, huyo ana pembe!"

Tangu hapo ikawa kila siku saa kumi na mbili jioni ya Guangzhou, saa saba mchana ya Bukoba, simu inapigwa kutoka kule. Inapigwa kutoka kule! Albina aliacha hata kwenda sokoni saa hizo.

"Wako wangapi leo?"

"Saba."

"Wahesabu nione."

Anawahesabu. Katikati ya kuhesabu mtoto anaropoka mengine: nani kamsukuma shuleni, bibi kachoma maharage. Wiki nzima Albina alikuwa na mtoto.

Jumamosi, Jovitus, mume wake, akarudi kutoka viwandani Xintang na suruali tatu za jinzi. "Mama Careen, sampo hizo, za kujaribu kwanza. Nikiagiza mzigo halafu ukachuja rangi, wateja wa Mwanza watanila nyama."

Kazi ya kufua sampo ilikuwa ya Albina. Unafua mara tatu. Mara ya mwisho hukamui. Unaanika hivyo hivyo, maji yadondoke, uone kama yanatoka meupe au bado ya bluu. Siku zote alianika kwenye kamba ya kibarazani. Siku ile kibarazani mwenye nyumba alikuwa amepanga majora ya vitambaa mpaka darini. Albina akazitundika suruali kwenye nondo za dirisha, akili iko kwenye mboga za kununua, akatoka.

Aliporudi, majani yalikuwa na michirizi ya bluu. Viwavi watatu walikuwa kwenye udongo, wamejikunja. Wengine watatu walining'inia kwa miguu ya nyuma, na alipowagusa kwa ncha ya kidole wakaanguka. Mmoja tu alikuwa hai, amejibanza chini ya ua. Lakini hakuwa anakula.

Alikwenda mbio mpaka kwa mama aliyemuuzia mmea. Alikuwa nao mwingi, umechanua. Albina akamwandikia kwenye simu kwa Kichina: umepulizia dawa? Yule mama akasoma, akacheka kwa fahari, akampindulia jani upande wa chini. Simu ikatafsiri: "Mdudu hata mmoja hayupo! Nimepulizia jana." Albina akamshukuru, akarudi mikono mitupu.

Akakata tawi ambalo halikuchafuka sana, akaliosha jani kwa jani kwa maji ya kunywa, akalikausha na kitambaa, akalisimamisha kwenye chupa ndani ya chumba. Akamweka kiwavi juu yake. Kiwavi akatulia. Hakula.

"Mwonyeshe video uliyowapiga jana," Jovitus alisema akivua viatu. "Mtoto wa miaka minne atajua nini?"

"Atajua. Anahesabu."

"Basi mwambie wameruka."

Saa kumi na mbili simu ikaita.

"Wako wangapi leo?"

"Mmoja, mwanangu."

"Wengine wako wapi?"

Albina aliiangalia ile sura ndogo, pua imegusa kioo. "Wamekufa. Ni mimi. Nilianika suruali ya baba juu yao, maji yenye dawa yakawadondokea. Sikuangalia."

Mtoto hakulia. Akatoka kwenye kioo, dari ikarudi. Sauti ya mama mkwe ikasema, "Albina, mwanangu, na wewe ungesema tu wamelala. Kaingia chini ya meza huyu."

"Samahani, mama."

"Mimi unaniomba samahani ya nini?"

Zikapita dakika. Kuku. Sufuria. Mtu akipita nje anasalimia kwa Kihaya, na Albina, peke yake kitandani, nusura aitike. Jovitus alikuwa ameshatoka kutafuta chakula. Kidole cha Albina kilikuwa kinakaribia kukata simu, kioo kilipotikisika.

"Usizime."

"Sizimi."

"Niwekee huyo mmoja. Usimguse! Wewe kaa mbali."

Albina akasogeza simu kwenye tawi, akaunyoosha mkono, mwili wake akaurudisha nyuma kama alivyoambiwa. Kwenye kioo aliona paji la uso tu na nywele zilizosukwa na mtu mwingine. Cherehani za juu zilitikisa maji ya chupa, zikanyamaza, zikaanza tena. Mkono ulimuuma mpaka begani, hakuubadilisha.

"Anakula," Careen alisema.

Albina hakuona, alikuwa mbali mno. "Kweli?"

"Anakula pembeni. Nyamaza, mama."

Akanyamaza.