Kiti cha Kulia

Siku ya kwanza Bakoly alipofika kujifunza ualimu wa udereva, Bwana Ratsimba alimfungulia mlango wa nyuma wa gari kama mtu anayemfungulia mbuzi zizi.

"Kaa huko," akamwambia. "Usiguse kitu, usiulize kitu. Na usinipumulie kisogoni."

Bakoly akaingia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpana wa mabega, sauti yake ya kukwaruza. Tangu mumewe alipotoweka na kumwachia watoto wawili na gari bovu, alikuwa akiendesha teksi kwenye vilima vya Antananarivo. Pale maegeshoni Andravoahangy alijifunza matusi yote ya wanaume, akayaongezea na ya kwake. Hakuwa mtu wa kuambiwa asipumue.

"Nitapumulia dirishani," akajibu. "Hicho kisogo chenyewe mbona sikioni? Kiti kimekimeza."

Ratsimba alikuwa mfupi. Alikalia mto wa pamba ili aone barabara, na katika shule nzima hakuna aliyethubutu kuutaja mto ule. Aliliondoa gari kwa kishindo. Kuanzia asubuhi hiyo hapakuwa na salamu kati yao.

Uadui wao ulikuwa na mzizi. Ratsimba alifundisha katika shule ya Mama Norosoa tangu enzi za marehemu mume wa mama huyo. Nafasi ya mwanagenzi ilipopatikana alijua ni ya mwanawe, Tojo, na alikwisha kumwambia hivyo mbele ya ukoo. Lakini wanafunzi wa kike walikuwa wakikimbia. Mke wa mchungaji mmoja alikuja ofisini vidole vimemvimba. Ratsimba alimchapa rula kila alipokosea gia. Mwingine alizungumzia mkono wa mwalimu uliokawia gotini kwake, akaondoka bila kumaliza maneno. Mama Norosoa hakuwa na moyo wa kumfukuza mtu aliyezeeka naye kazini. Alichofanya ni kumtafuta mwanamke, kisha akamwamuru Ratsimba amfundishe. Kwa hiyo kila Ratsimba alipotupa jicho kwenye kioo cha ndani na kumkuta Bakoly, alijiona yuko kizimbani.

Majira yote ya baridi Bakoly alikaa kiti cha nyuma, amejifunika shuka, akijifunza kwa macho. Usukani wa huko uko kushoto, na mwalimu hukaa kulia akiwa na breki yake ya ziada; alijifunza jinsi anavyoweka mguu juu ya breki hiyo bila kuikanyaga. Alijifunza kutazama macho ya mwanafunzi kabla ya kutazama barabara. Hakuna alichoelezwa. Akiuliza swali, Ratsimba alifungua dirisha na kutema mate.

Mchana walimu wa udereva walikula pamoja kwenye mgahawa wa wali karibu na uwanja wa mitihani. Siku moja Ratsimba akapaza sauti wote wasikie.

"Jamani, huyu mama anajua gari kama bata anavyojua maji. Haya, nani kati yenu amewahi kuona bata akimfundisha kuku kuogelea?"

Wakacheka. Bakoly akanywa maji yake yaliyochemshwa kwa ukoko wa wali taratibu, akaweka kikombe chini.

"Mimi sijaona," akasema. "Ila nimeona jogoo akipandishwa juu ya mto ili aonekane anapowika."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Ratsimba akainuka, akauacha wali wake ukifuka moshi.

Lakini kuhusu lile la bata, Ratsimba hakukosea sana. Mama Norosoa alipoamuru Bakoly sasa ahamie kiti cha kulia, mwanafunzi wake wa kwanza akawa Ravaka, msichana mpole aliyefanya kazi duka la dawa. Kwenye mteremko wa Faravohitra gari likaanza kurudi nyuma, na teksi yote ikampanda Bakoly kichwani.

"Klachi! Klachi, we kichwa maji! Unataka kutuua?"

Akaunyakua usukani. Msichana akaachia kila kitu, akajifunika uso, akalia. Kutoka kiti cha nyuma, alikokaa Ratsimba sasa kuwachunguza, yakasikika makofi ya polepole.

"Safi kabisa," Ratsimba akasema. "Mimi nina rula, wewe una ulimi. Hebu nieleze, mama, tofauti iko wapi?"

Bakoly alimchukia kwa swali lile kuliko kwa matusi yote. Na mwezi uliofuata, alipokwenda kwenye mtihani wa ualimu, alifeli. Mtahini alimwambia kwa ufupi, "Wewe unamwendeshea mwanafunzi. Dereva tunaye, mwalimu hatujamwona." Shuleni Ratsimba alinunua vitumbua akagawia kila mtu. Cha Bakoly alikiweka kwenye kiti cha nyuma.

Bakoly akakila, kisha akaenda duka la dawa kumtafuta Ravaka. Kuomba radhi hakukuwa desturi yake, lakini aliomba. Halafu akauliza alichokuja kuuliza.

"Siku ile mlimani, ulisikia nilichokuambia?"

Ravaka akafikiri. "Hapana, mama. Nilisikia kelele tu. Hata hilo neno klachi sikulisikia."

Bakoly alirudi na jibu hilo nyumbani. Akaelewa kwamba neno la mwalimu husemwa gari likiwa limesimama. Likianza kuteleza, mwanafunzi hana tena masikio. Akamsihi Ravaka arudi, wakaanza upya, wakisimama chini ya kila kilima na kuzungumza kabla ya kukipanda. Mara ngapi aliuma ulimi! Jioni taya zilimuuma kama mtu aliyetafuna muwa kutwa.

Mtihani wa pili ukafika. Utaratibu ulikuwa huu: mwalimu yeyote mzoefu aliyejitolea anakaa kwenye usukani akiigiza mwanafunzi, mtahini anakaa nyuma, na anayetahiniwa anafundisha. Bakoly alipofungua mlango wa kulia, aliuona kwanza mto wa pamba, kisha mwenye mto.

"Habari za asubuhi, mwalimu," Ratsimba akasema kwa sauti nyembamba ya kike, akipepesa macho. "Nifundishe basi. Mume wangu ataniua nikiligonga gari."

Mtahini, Bwana Andrianaivo, mzee mkavu mwenye kofia ya majani, hakucheka. "Somo ni kuondoka kwenye mlima," akasema. "Anzeni."

Wakasimama katikati ya mteremko wa Faravohitra, juu ya mawe yaliyosuguliwa na magurudumu ya miaka mingi. Bakoly akaeleza hatua kwa hatua. Ratsimba akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akakanyaga klachi mpaka mwisho, akashusha breki ya mkono. Gari likateleza. Nyuma yao mwanamume alikuwa akisukuma mkokoteni wa makaa, kichwa kimeinama, haoni kitu. Ratsimba aliona. Akageuza shingo akamtazama Bakoly, akatabasamu, akangoja.

Bakoly akakanyaga breki yake. Gari likaganda. Mwenye mkokoteni akawalaani wao na makaburi ya babu zao. Ndani ya koo la Bakoly matusi yalijaa mpaka macho yakamtoka machozi. Akayameza.

"Vuta breki ya mkono," akasema. "Vizuri. Sasa niambie, mguu wako ulihisi nini?"

"Ulihisi uko na dereva wa teksi."

"Haya. Huyo dereva wa teksi anakuambia hivi: inua klachi polepole mpaka pua ya gari iinuke. Ikishainuka, mguu utulie. Usishushe breki ya mkono kabla sijakuambia. Tujaribu."

Ratsimba akarudia kosa lile lile, na Bakoly akaeleza tena, kwa maneno mengine. Akarudia kwa mara ya tatu. Ndipo Bwana Andrianaivo akakohoa nyuma.

"Bwana Ratsimba, hata mwanafunzi mzito huelewa kidogo. Unaigiza mwanafunzi, au kuna jambo lako jingine humu?"

Masikio ya Ratsimba yakaiva kwa aibu. Akainua klachi, pua ya gari ikainuka, akasubiri kuambiwa, akaambiwa, na gari likapanda bila hata kutikisika.

"Umefanya vizuri sana," Bakoly akamwambia, kama ambavyo angemwambia mwanafunzi yeyote. Alijua maneno hayo yangemchoma, na alikusudia yamchome.

Alifaulu. Uwanjani Ratsimba alimpita, mto wake ukiwa kwapani. "Wamekupitisha kwa sababu ya sketi," akasema.

"Na wewe umejua kuondoka mlimani uzeeni. Hongera, baba."

Wanawake walimiminika shuleni kwa Mama Norosoa, na Bakoly akawa na wanafunzi tangu alfajiri. Mwaka haukuisha Ratsimba akaondoka, akafungua shule yake na Tojo mtaa wa pili, akachukua nusu ya wanafunzi wa kiume. Mzee mmoja wa kanisa alijaribu kuwapatanisha. Ratsimba hakuja. Bakoly alikuja, ila kusema tu, "Nimsamehe nini? Kwani ameomba?"

Mpaka leo hukutana Faravohitra, kila mmoja na mwanafunzi wake. Ratsimba humpigia honi kali kwa makusudi, na mwanafunzi wa Bakoly hushtuka gari likazima. Bakoly humngoja mwanafunzi avute pumzi na kuwasha tena. Matusi yake huyatunza mpaka saa ya chakula, kisha huyamwaga yote pale mgahawani, na wapishi humwongezea wali ili aendelee.