Code ya Mama Mukwe

Wenzangu, aibu hii nawasimulia mwenyewe kwa sababu imeshazunguka Lubumbashi nzima bila mimi, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, mpaka juzi mtu mmoja ndani ya taxi alinihadithia mkasa wangu bila kujua kwamba ni mimi, akamaliza kwa kusema yule mjinga alilia mbele ya wagonjwa. Sikulia! Nilipiga kelele, ndiyo, na nilisema maneno ambayo mtu aliyevaa cravate hapaswi kuyasema, lakini kulia sikulia, hiyo waitoe kabisa.

Kazi yangu mimi ni imprimante, mashine ya kuchapia karatasi. Niko katika kliniki moja ya binafsi pale mtaa wa Golf, na wino ukikwisha wananiita, karatasi ikikwama wananiita, panya akitafuna waya wa internet wananiita. Nilisoma informatique, mambo ya kompyuta, miaka miwili nikaishia hapo. Lakini kwetu neno ni moja tu kwa watu wote, informaticien: anayebadilisha kioo cha simu sokoni ni informaticien, anayewachapia watu barua ni informaticien, na anayepaswa kulinda siri za watu dhidi ya wezi wa mtandaoni naye ni informaticien, kana kwamba fundi viatu na daktari wa miguu wanafanya kazi moja kwa kuwa wote wanashika mguu. Tangu mwezi wangu wa kwanza wakaanza kuniita Ingénieur. Sikuwakatalia (nani angekataa?).

Sasa hawa wezi wa mtandaoni wamezidi, kila wiki unasikia fulani ameibiwa WhatsApp, kampuni fulani imefungiwa mashine zake, na Docteur, mkurugenzi wetu, akaingiwa na hofu kwa sababu dossiers, yaani mafaili ya wagonjwa wote, miaka yote, ziko ndani ya kompyuta moja pale mapokezi. Akamwita binti mmoja aje aonane nasi, Mademoiselle Ngalula, mtoto wa Wakasai wa hapahapa mjini, aliyesomea usalama wa mitandao mpaka mwisho. Hakukaa hata dakika tano kabla ya kuniuliza:

"Sauvegarde yenu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa majivuno disque dur iliyochomekwa nyuma ya kompyuta ileile, yenye nakala za dossiers zote.

"Na inabakiaka hapo siku yote?"

"Siku yote! Haitokake hata dakika moja."

"Basi mwizi akiingia, atapata bintu yote pamoja," akasema, na akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilimwona mtoto mwenye maringo. Alipotoka, Docteur akafunga mlango akaniuliza, "Ingénieur, tuko na lazima naye huyu, ao weye unatosha?"

Nikajibu, "Natosha, Docteur."

Hilo ndilo kosa, wenzangu, mengine yote ni watoto wake. Wiki iliyofuata nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu, *Chargé de la cybersécurité*, yaani msimamizi wa usalama wa mitandao, nami nikaipiga picha nikamtumia mke wangu, na Docteur akatangaza kwamba Jumatatu saa nne Ingénieur atawapa wafanyakazi wote formation, mafunzo ya kujilinda. Nilisoma siku tatu kwenye internet, nikaandika kurasa sita, na katika ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mkono wangu huu, niliandika: mtu akikuomba code, usitume kabla ya kumpigia simu umsikie sauti.

Jumatatu, zimebaki dakika kumi, nakaza cravate, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mama mukwe.

Niwaeleze kidogo kuhusu mama mukwe. Anakaa Kasenga, anauza samaki, ni mama wa heshima zake, na nyumbani kwetu mama mukwe hachezewi: humtazami machoni, huli mbele yake, wala humuulizi swali. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mke wako, naye mama akiwa na neno analipitisha kwa binti yake. Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kuniomba hata maji ya kunywa. Na leo ameandika, kwangu, moja kwa moja: "Yambo mukwe. Nilikosea, nilituma code yangu ku numéro yako. Unitumie yo mbio."

Na kweli, namba sita zilikuwa zimeingia kwenye simu yangu.

Ukurasa wa kwanza niliukumbuka, msidhani sikuukumbuka! Lakini nimpigie mama mukwe simu nimwambie nini? "Mama, ni wewe kweli?" Huko si ndiko kumwita mwongo? Mtu na akili zake anamhoji aliyemzalia mke? Nikatuma zile namba sita, nikaongeza "Aksanti sana mama", nikaongeza na picha ya mikono miwili inayosali, kisha nikaingia kwenye chumba cha mkutano nikiwa na furaha kwamba mama mukwe ameniomba kitu na mimi nimeweza kumpa.

Chumba kimejaa, wauguzi, watu wa laboratoire, madereva, Docteur mbele kabisa amekunja nne. Nikaanza kwa sauti ya mtu anayejua: "Adui wa kwanza wa sécurité, ba mama na ba papa, iko weye mwenyewe!" Wakapiga makofi. Hapohapo simu zao zote zikalia pamoja, na Clarisse wa mapokezi akasoma yake akainua mkono.

"Ingénieur, umetuma liste de présence mu groupe ya kazi. Unasema tufungue ku mashine. Niende nifungue?"

Sikuwa nimetuma orodha yoyote ya mahudhurio. Nikaangalia simu yangu, WhatsApp imenitoa nje, inaniomba nijiandikishe upya kama mgeni. Sasa hapa ndipo nilipojizika mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye akili angesema "subirini", lakini mimi niko mbele ya watu wote hao, cravate shingoni, karatasi mlangoni, nawezaje kuulizwa kuhusu ujumbe wangu mwenyewe nikajibu kwamba siujui? Nikasema, "Ndiyo, enda ufungue, njo sehemu ya formation."

Clarisse akaenda. Nikaendelea na ukurasa wa pili. Sikuufikia mwisho, akarudi ameshika kichwa.

"Ingénieur, kuya uone! Mashine inasema Kingereza!"

Nilikimbia, Docteur nyuma yangu, na formation nzima nyuma ya Docteur. Kioo chekundu, maneno ya Kiingereza, na kila dossier niliyobonyeza ilikuwa imefungwa. Nikasema moyoni, si kitu, kuna disque dur. Nayo imefungwa yote, kwa sababu ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote. Nikaanza kung'oa nyaya, hata ule wa feni niliung'oa.

Na wagonjwa wako kwenye mabenchi, wanangoja tangu asubuhi, na hakuna anayejua tena nani anameza dawa gani. Docteur akaamuru waandikwe upya kwa mkono. Clarisse akachukua daftari la shule akaanza kuuliza, palepale kwenye korido, sauti juu: jina, umri, ugonjwa. Mnaelewa maana yake? Watu waliokuja kliniki ya binafsi, wakapita mlango wa nyuma ili jirani asiwaone, sasa wanaambiwa wataje ugonjwa wao mbele ya mabenchi mawili! Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi reli aliinama akanong'ona, na Clarisse akamwambia, "Papa, sema na nguvu, sisikii." Akasema na nguvu. Vichwa vyote vikageuka, na yule mzee akaanza kufuta kofia yake ambayo haikuwa na vumbi. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, na sijui nianze kumkasirikia nani, yule mwizi, Docteur, au mimi.

Halafu Clarisse akasema, "Na weye mama, uko unaumwa nini?"

Nikainua macho. Mama mukwe.

Sikujua kama yuko mjini. Sikujua kama anatibiwa kwetu. Mke wangu alikuwa akimleta kimya kimya tangu miezi mitatu, mambo ya mwili wa mama hayamhusu mukwe, na dossier pekee ndiyo iliyojua. Aliniona nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nyaya mkononi, cravate imehamia begani. Akavuta pagne akafunika uso.

Nami, kwa wazimu ulionipata siku ile, nikavunja adabu ya miaka sita nikamuuliza: "Mama, ile code…"

"Code gani, mukwe?" akajibu akiwa ameangalia ukuta. "Téléphone yangu toka jana haiko tena yangu. Bantu banasema niko nabaomba ma-code. Miye hata kuandika siyue muzuri."

Kisha akamwambia Clarisse, "Nitarudia siku ingine," akachukua kikapu chake akatoka, bila kuonana na daktari na bila dawa aliyoifuata kutoka Kasenga. Sikuweza kumfuata. Ningemwambia nini?

Docteur ndiye aliyeipata hasira iliyokuwa ikinichemka. Alinigeukia mbele ya watu wote: "Ingénieur, fanya kitu! Si weye njo sécurité?"

"Miye siko sécurité!" Nilipiga kelele mpaka wa laboratoire, waliokuwa wamesharudi kazini, walitoka. "Miye niko muntu ya imprimante! Na mulijua! Bote mulijua, na weye Docteur ulijua kupita bote!"

Halafu yule mzee wa reli akauliza kwa upole, "Na imprimante yenyewe, ye inatumika?" Mabenchi yote mawili yakacheka, na sikuwalaumu, walikuwa wamestahili kucheka kitu.

Ikabidi nimpigie Mademoiselle Ngalula mwenyewe. Alikuja mchana, hakunicheka (afadhali angenicheka), akafanya kazi masaa mawili, akanirudishia WhatsApp yangu, akazitenga mashine nyingine zisiambukizwe, kisha akatuambia ukweli: dossiers zilizofungwa hazitarudi. Nikamweleza habari ya mama mukwe, nikitegemea aniambie mimi ni mjinga.

"Hapana," akasema. "Bale bezi banajua adabu yetu kupita siye. Banapitiaka kwa muntu ule hauwezi kumuuliza."

Jioni mke wangu hakuwa mpole hivyo. "Mama akuandikie weye? Toka lini? Si anapitiaka kwangu?" Na alikuwa na haki: adabu ileile iliyonizuia kuuliza ndiyo ambayo ingenionya, kama ningeitumia vizuri.

Mnafikiri Docteur alijifunza? Wiki moja baadaye aliniita, akanipa kiti, akatabasamu. "Ingénieur, sasa uko na expérience. Tumulipe ule mademoiselle ya nini tena?" Expérience! Yaani mtu akigongwa na gari amekuwa dereva! Nilisimama nikamwambia kwamba mimi sitoshi, sikutosha jana wala sitatosha kesho, na kwamba asipompa yule binti kazi, hata wino aende akanunue mwenyewe. Alinuna siku tatu, halafu akampa. Na mimi nimeapa: mtu akiniuliza kama naweza kazi nisiyoisomea, nitajibu hapana kabla hajamaliza swali, hata kama ni kukaza balbu.

Mama mukwe anatibiwa hospitali nyingine sasa, anaendelea vizuri, mke wangu ameniambia hivyo tu na sikuuliza zaidi. Ila kuna jambo moja lilimponyoka. Walipomfungulia mama dossier mpya walimuomba jina la mtu wa kuitwa mambo yakiharibika, na binti yake akataka kuandika langu, kwa kuwa ndimi mwanaume wa karibu hapa mjini. Mama akakataa. Akawapa namba ya mwenzake mmoja muuza samaki wa Kasenga, safari ya nusu siku kutoka hapa, kwa sababu yule ana simu ya vitufe isiyo na internet.