Miaka Arobaini na Minne ya Kuficha Govi

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kutoa mawaidha. Nilisoma chuo kikuu, nikarudi Lamu, nikawa naandika makala kuhusu adabu na usafi wa watu wengine. Mwandishi mwenyewe, Mwislamu mwana wa Waislamu, hakuwa ametahiriwa.

Ilikuwa hivi. Ngariba alipofika kwetu kisiwani Ndau nilikuwa na surua, akawatahiri ndugu zangu akaniacha. Baadaye nikapelekwa Wiyoni, Lamu mjini, kwa shangazi nisome. Mama alidhani shangazi atanishughulikia. Shangazi alidhani nimekuja tayari. Nilikuwa na miaka saba, nimesikia ndugu zangu walivyolia, nikanyamaza. Nilipooa, mke wangu Bi Zuhura alijua, siri ikawa ya wawili.

Mwaka jana ngozi ya govi ilianza kuwasha. Ikapasukapasuka, ikatoa uchafu mweupe wenye harufu. Nikikojoa, inachoma. Ikabana, hairudi nyuma kama zamani. Niliosha kwa maji ya chumvi. Nikapaka shubiri. Nikanunua dawa ya fangasi, nikamwambia muuzaji ni ya vidole vya miguu.

Ijumaa moja asubuhi, nikioga nipate kwenda msikitini, niliivuta kwa nguvu nisafishe. Ikarudi nyuma ikakwama. Kufika adhuhuri kichwa cha uume kimevimba, chekundu, na ngozi imekikaza kwa chini kama mpira. Sikwenda kuswali. Nililala chali nikisubiri uvimbe ushuke.

"Twende hospitali," alisema Bi Zuhura.

"Kila mtu pale anijua."

"Basi kaa. Lakini ukifa, Bwana, watakuja kukuosha wenzako wa msikitini. Hapo utawazuia kwa makala?"

Nilivaa kikoi tukaenda, natembea kama bata. Daktari, kijana mpole, alisema huwa anasoma maandishi yangu. Nikafunua kikoi nikitazama ukuta.

"Ungelala nayo hivi," alisema, "damu ingekosa kupita, na sehemu hii ingeanza kufa."

Akaizungushia shashi yenye maji baridi, akaibana dakika nyingi, kisha akairudisha ngozi mahali pake. Nililia mbele ya muuguzi wa kike. Halafu akanipima damu.

"Una sukari, mzee. Ndiyo inayowalisha hao fangasi. Hukuwa na kiu?"

Nilikuwa na kiu miezi mitatu. Nililaumu joto.

Sukari ilipotulia nikatahiriwa kwa sindano ya ganzi, nikiwa na miaka hamsini na moja. Siku nyingi nilitembea nimekishika kikoi kwa mbele kisiniguse. Jirani yangu Bwana Athumani aliuliza nina nini. Nikasema ngiri.

"Hata sasa wanena urongo," Bi Zuhura aliniambia, akaniwekea supu ya kuku.

Namshukuru Mola, na daktari, na ulimi wa mke wangu. Kuwa na govi si ugonjwa. Wengi wanaishi nalo salama. Lakini likianza kubana ukubwani, likipasuka, likinuka, au mkojo ukichoma, kamwone daktari mapema, upimwe na sukari. Usilivute kwa nguvu. Likikwama nyuma, nenda saa hiyo hiyo, hata kama mpokezi ni shemeji yako.

Aibu bado ninayo. Jana, kabla ya kuandika, nilimwambia Bwana Athumani kwamba haikuwa ngiri, nikamweleza yote huku nikitazama miguu yangu. Hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama daktari huyo hutazama na bawasiri.