Ile Lori Haikuwa Lori

“Lakini kama ni lori, Kogo, tungeiona! Kitu kubwa hivyo haiwezi kupita ikiwa imejificha.”

Kogo ni nyanya yangu, ndivyo tunavyoita nyanya huku kwetu. Alikuwa amekaa kwa kigoda jikoni akimenya viazi, na hakuniangalia.

“Labda imepita barabara ya chini.”

“Barabara ya chini ilibebwa na mvua!”

“Basi ndiyo maana ikatingisha sana.”

Sasa ungefanya nini na mtu kama huyo?

Huku kwetu upande wa Bomet, lori ya majani chai ikianza kuteremka kilima, vikombe kwa rafu vinaanza kulia kabla hata usikie injini. Hakuna mtu anaangalia saa. Vikombe vikilia, unabeba kikapu unakimbia kituoni, kwa sababu lori haingojei mtu na majani ya jana haipimwi. Kwa hivyo ile Jumanne, saa nane na kitu, nyumba ilipotikisika, Kogo hakupiga nduru wala hakuita Yesu. Alisema tu, “Leo imekuja mapema,” akaweka mzigo mgongoni, akatoka. Mimi nikamkimbilia nyuma nikipiga kelele, “Tetemeko! Kogo, ni tetemeko ya ardhi!” Akaniambia nirudi nichukue kile kikapu kingine.

Kituoni tulikuta kijiji kizima. Watu walikuwa wamelowa jasho, kila mtu na majani yake mgongoni, na lori hakuna. Mzee mmoja alisema lazima imechukua majani ya watu wa kwanza ikaenda. Sasa kila mtu akataka kujua hao watu wa kwanza ni akina nani.

“Mimi ndiye nilifika wa kwanza na sijaona kitu,” akasema jirani yetu, yule mama wa kwaya.

“Kama ulifika wa kwanza, majani yako iko wapi?”

“Si hii hapa mgongoni, mzee! Ama unataka nikugeukie?”

Hapo simu yangu ikalia. Binamu yangu wa Sigor aliandika kwamba mlango wao umejifungua peke yake. Rafiki yangu wa Kericho akaandika kwamba watu wametoka maofisini wamesimama barabarani wakiangaliana. Nikapanda juu ya jiwe nikawaelezea wote. Nilisema Bonde la Ufa liko hapo tu nyuma ya Mau, na ardhi huko inapasuka polepole, na ikishtuka hata sisi tunasikia. Nilisema hakuna mtu anaweza kujua itarudi lini, na kwamba nyumba inaweza kuanguka, moto unaweza kumwagika kutoka jikoni, na kilima chenye kimelowa maji kinaweza kuteremka na chai yake yote. Hata mama wa kwaya alishusha kikapu asikilize. Nilifurahi sana. Kisha yule mzee akauliza, “Sasa hiyo tetemeko itachukua majani saa ngapi?”

Tulirudi nyumbani. Nikaingia chumba cha Kogo kumletea sweta, na hapo ndipo mambo ya kucheka yaliniishia. Kabati yake imesimama upande wa kichwa cha kitanda, na juu yake anaweka sufuria kubwa ya harusi za kanisa, imejaa sahani za udongo. Ile sufuria ilikuwa imeteleza mpaka nusu yake inaning’inia. Sahani moja ilikuwa imeshaanguka. Ilikuwa imegonga ubao wa kitanda ikavunjika, na vipande viko katikati ya mto, pale pale anapoweka kichwa. Na Kogo hulala kidogo kila siku baada ya chakula cha mchana. Hiyo Jumanne hakulala kwa sababu tulikuwa tunachagua majani, basi.

Nilisukuma sufuria ikarudi ndani, nikaenda jikoni, nikamwambia kitanda lazima kihame leo.

Ndiyo akasema hawezi kuhamisha kitanda kwa sababu ya lori, tukaanza kugombana vile umesikia hapo mwanzo. Na sababu ya kweli naijua. Sukari iko ndani ya hiyo kabati, na Kogo anaamini watu wote wa nyumba hii wana mikono mirefu. Analala kichwa chake kikilinda mlango wa kabati.

Nikajaribu jografia. Mwalimu wetu alisema mabamba, lakini nani kwetu amewahi kuona bamba?

“Kogo, chini ya ardhi kuna sahani kubwa sana. Zinasukumana. Zikisukumana ndiyo tunatikisika.”

Kisu kikasimama. “Sahani?”

“Ndiyo.”

“Na zinagongana?”

“Hata zinavunjika!”

Akafuta mikono, akaenda chumbani. Nikasikia akivuta kiti. Aliponiita niingie, sahani zote zilikuwa zimeshuka, kila moja imefungwa na kitambaa, zimepangwa chini ya kitanda na blanketi katikati ili zisisukumane.

“Kwani hungesema mapema?” akaniuliza kwa hasira. “Unanipigia kelele ya lori, kumbe ni mambo ya vyombo.”

“Kogo, hizo za chini si sahani kama hizi!”

“Mwalimu wako aliziona?”

“Hakuna mtu ameziona.”

“Basi unajuaje hazina maua?”

Kabla ya jua kuzama alikuwa amemwambia mama wa kwaya kwenye fensi, na mama wa kwaya alikuwa anateremsha zake. Miaka minne ya sekondari, na hii ndiyo matunda! Lakini nilikubali kitu kimoja: juu ya kabati hakukuwa na kitu tena.

Shida ni kwamba kabati yenyewe ilikuwa bado pale, ndefu, imeegemea upande wa mto. Na kitanda sasa hakingeweza kuguswa kabisa, kwa sababu ya sahani. Hiyo ardhi ikitikisika tena, Kogo ataangukiwa na kabati pamoja na sukari yake.

Sikubishana tena. Niliamua kwamba kesho asubuhi, Kogo akienda kukamua ng’ombe, nitachukua nyundo na waya ya fensi niifunge hiyo kabati kwa nguzo ya ukuta. Akisikia kelele akija kuuliza, nitamweleza mara moja tu. Aelewe asielewe, nitaendelea kugonga.