Kiporo cha Baba na Makoti ya Spora

Mtanisamehe mwandiko wangu unaopanda na kushuka, na herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu naisukuma polepole. Lakini hili la kiporo nimekaa nalo tangu masika, na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Tunakaa Mkata, upande wa mashamba, mbali kidogo na barabara ya mabasi. Tangu mama aende Kerenge kumuuguza bibi, mpishi ni mimi. Kila jioni nilikuwa napika wali wa nazi mwingi kuliko tunaoweza kumaliza. Uliobaki niliutia kwenye hotpoti, nikaifunga na kanga kuukuu ili ulale na joto. Alfajiri baba akitoka kuswali alikuta chai tayari, tukala kiporo wawili, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Mimi ni mtu wa aibu, mbele ya watu maneno hunikauka, lakini saa ile nilikuwa naongea. Baba alikuwa ananiuliza hata mahindi tuyauze lini. Hakuna mwingine anayeniuliza kitu kama hicho.

Kisha mdogo wangu wa kike akaja likizo. Anasomea maabara chuoni Korogwe, amepanga chumba Manundu. Asubuhi ya kwanza alifunua hotpoti, akaugusa wali, akasema ni vuguvugu, usiliwe. Baba alicheka. Alimwambia wali umechemka jana mpaka maji yamekauka, sasa mdudu gani atakuwa amebaki humo. Mdogo wangu alikwenda ghalani akarudi na hindi lenye maganda yake.

Hindi nililipanda mimi, nikalivuna mimi, yeye akalishika kama chaki.

Alisema wapo bakteria wa udongoni ambao wakibanwa na shida hujifungia ndani ya kitu kinachoitwa spora, na spora hizo hufika mpaka kwenye mchele. Akalegeza ganda la juu. La nje kabisa, alisema, ni kama mfuko uliolegea, ndio unaogusana na vitu na kunata. Akamenya la pili. Hapo kuna koti la protini, tabaka juu ya tabaka, linazuia dawa na kila kinachotaka kumtafuna bakteria. Chini ya koti kuna ukuta mnene unaoubana moyo wa spora ili maji yasiingie. Akagonga punje kwa ukucha. Ndani ni pakavu, na kwa sababu ni pakavu, maji yanayochemka hayamwui.

"Kumbe wanavaa makoti kama watu wa kule kwenye baridi, Lushoto," baba alisema, akacheka mpaka akakohoa.

"Tena dada anawaamsha," mdogo wangu alisema. "Moto unawashtua, halafu kwenye hotpoti wanapata uvuguvugu na chakula. Wanavua makoti, wanazaana usiku kucha."

Baba aliusogeza wali pembeni. Njiani kwenda shamba alimuuliza habari za makoti mpaka tukafika. Mimi nilikuwa nyuma na majembe.

Kuanzia siku hiyo mdogo wangu aliamka mapema akakaa kwenye mkeka wangu. Mimi nilikoroga uji huku nikiwasikiliza wakiongea. Baba aliwasimulia mpaka majirani habari za makoti, akimwita mdogo wangu "mwanangu wa chuo". Mahindi hakuniuliza tena.

Nikajiambia huyu ametuletea maneno tu. Wali ukirudishwa motoni ukachemka sawasawa, utamdhuru nani? Jioni moja nikaufunga kwenye hotpoti kama zamani. Asubuhi nikaubandika tena jikoni mpaka ukafuka mvuke na kushika ukoko, nikajipakulia sahani nzima mbele yao.

"Dada, usile," mdogo wangu alisema. "Makoti wameshayavua. Wenyewe utawaua, lakini sumu waliyoitoa usiku haiondoki kwa moto."

"Nimekula kiporo tangu naota meno," nilimjibu, nikala mpaka ukoko.

Jua halijapanda vizuri, nilikuwa nyuma ya jiko nimeshika mpapai, natapika. Mdogo wangu alinishika kichwa, akanichanganyia maji yenye sukari na chumvi, akaninywesha kidogo kidogo. Hakusema kwamba alinionya. Angesema, ningepata cha kumchukia.

Kesho yake sikuamka alfajiri. Niliona sina cha kuamkia. Nikasikia kiberiti jikoni, kisha sufuria ikianguka. Baba, ambaye hajui hata unga unapokaa, alikuwa anamenya mihogo.

"Njoo unionyeshe chumvi," aliita. "Na yale mahindi, tuyatoe sasa au tungoje bei?"

Nilikaa kwenye mkeka wangu. Nikamwambia tungoje. Tukala mihogo ya moto wawili. Halafu mdogo wangu akatoka na usingizi machoni, baba akamwita akae, akamuuliza kama na mihogo ina wavaa makoti. Nikasogea kumpa nafasi, kidogo tu.

Amesharudi Manundu, na likizo nyingine inakaribia. Wivu haujaniisha. Wewe unayesoma, kama una mdogo wako anayekuzidi kujua na mzazi wenu ni mmoja, niandikie unaishije naye. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.