Kozi Moja Inatosha

Mtu wa kusoma mita za umeme alipokuja kwangu mara ya kwanza, aliweka viwiko juu ya kizingiti cha mlango, akachungulia ndani, akaniuliza nauza nini. Nikamwambia siuzi kitu, naishi. Akauliza mlango uko wapi. Nikamwambia ndio huo aliouegemea. Akaandika kitu kwenye daftari lake, na tangu siku hiyo husoma mita akiwa barabarani.

Simlaumu. Kizingiti changu kinanifika kiunoni, na mimi si mfupi. Ili kuingia unapanda kigoda cha nje, unakaa juu ya kizingiti, unageuza miguu, unashukia kigoda cha ndani. Mimi ni fundi viatu, kwa hiyo nikirudi na mzigo natanguliza viatu vya wateja, kisha najifuata mwenyewe. Vyumba vyote vinane vya uwanja wetu viko hivyo, na mwenye navyo anavionea fahari kuliko wanawe.

Jina lake la kuzaliwa sijawahi kusikia mtu akilitumia. Tunamwita Mzee Kozi, hata mkewe. Kozi, kwa asiyejua ujenzi, ni mstari mmoja wa matofali ukutani. Alikuwa fundi mwashi miaka thelathini na tano akiwajengea watu, na alipozeeka akajijengea mwenyewe: nyumba yake ya kuishi kule juu, upande wa pili wa barabara, na vyumba vyetu vya kupanga huku bondeni, mahali ambapo maji yote ya vilima hupita yakienda zake. Ukimuuliza kwa nini alijenga njiani mwa maji, atakwambia maji ndiyo yaliyomkuta.

Na mafuriko ya kwetu hayapigi hodi. Mvua inanyesha huko vilimani, sisi huku tumeanika nguo juani, halafu unasikia mngurumo, na kabla hujauliza ni lori gani hilo, maji yako uani. Hukaa saa moja, pengine saa moja na nusu, yakaondoka.

Yalipoingia vyumbani mara ya kwanza, Mzee Kozi alishuka na mwiko wake wa saruji na pima maji, ile ya kiputo cha kuonyesha usawa, akaongeza mstari mmoja wa matofali kwenye vizingiti vyote vinane. "Kozi moja inatosha," akasema. Ya pili yalikuja yakaivuka ile kozi kwa vidole viwili. Akaongeza nyingine, nayo akasema inatosha. Kila maji yalipopanda, na yeye alipanda. Milango ilipoanza kugonga matofali akaikata chini kwa msumeno. Ndiyo maana leo tuna vizingiti vya kozi sita na milango ambayo ukiifunga unadhani umefunga kabati.

Binadamu huzoea. Mama wa chumba cha nne alichoka kuulizwa anauza nini, akaanza kuuza sabuni na viberiti juu ya kizingiti, na biashara inakwenda vizuri. Jirani wa chumba cha pili alipata kazi nzuri mji mwingine, lakini kabati lake la nguo liliingia enzi za kozi ya tatu na sasa halitoki. Alilipima kwa kamba wiki nzima, kisha akaandika barua ya kuikataa kazi. Yumo mpaka leo, yeye na kabati.

Asiyezoea alikuwa mmoja tu, Bibi Cherehani wa chumba cha kwanza. Marehemu mumewe alikuwa msaidizi wa Mzee Kozi kwa miaka ishirini, akimchanganyia saruji na kumpandishia matofali, na vyumba hivi walivijenga wao wawili. Ndiyo sababu Mzee humwita shemeji. Bibi huyu anakula kwa cherehani yake ya miguu, na ilikuwa imeshalowa mara sita. Kila mara aliifungua, akaikausha, akaipaka mafuta sehemu kwa sehemu, na kila mara ilishona kwa kulalamika zaidi.

Siku Mzee alipokuwa akiweka kozi ya sita, Bibi Cherehani alitoka na mkasi wake, akaonyesha chini kabisa ya ukuta, mkono wa kushoto wa mlango.

"Shemeji, nimekwambia mara ngapi? Toboa hapa."

"Fundi hatoboi ukuta wake."

"Maji yakishaingia yatatokea wapi?"

"Hayaingii. Kozi moja inatosha."

"Na yakiingia?"

Sote tulikuwa uani. Ulimi hauna mfupa, na Mzee siku hiyo alikuwa na watazamaji. Akauchomeka mwiko kwenye saruji mbichi. "Yakiingia tena, mimi nitakuja kuishi humu chumba cha kwanza, na wewe shemeji utakwenda kuishi kwangu."

"Na yasipoingia?"

"Utaacha kunionyesha ukuta wangu kwa mkasi."

Tukacheka. Bibi Cherehani hakucheka. Alisema taratibu kwamba cherehani ikilowa tena huenda isiamke, na ikifa hana cha kumweka mjini, itabidi akawe mgeni kwa kaka yake uzeeni. Kisha akapanda kigoda, akakaa, akageuza miguu, akaingia ndani.

Maji ya saba yalikuja alasiri, jua linawaka. Yalifika mbele kwanza, yakagonga vizingiti, yakashindwa. Nakiri nilifurahi. Nilikaa juu ya kizingiti changu na kiatu cha mtu mkononi, nikiyatazama yakipita chini ya nyayo zangu, nikasema moyoni kumbe mzee wa watu ana akili. Ndipo ukuta wa nyuma wa uwanja ulipoanguka. Maji yaliyokuwa yamejazana huko nyuma yakaingia kwa madirisha, ambayo hakuna aliyewahi kuyaongezea kozi na ambayo siku hizi yako chini kuliko vizingiti vya milango.

Saa moja baadaye uani palikuwa na tope tu. Ndani, maji kiunoni. Tulisimama nje topeni, tumeegemea vizingiti vyetu, tukitazama ndani ya vyumba vyetu. Viatu vya wateja wangu vilikuwa vinaelea na kuzunguka polepole, vya kushoto vikitafuta vya kulia. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakupanga kwa Mzee Kozi. Sisi tuliyazoa kwa sufuria na ndoo siku mbili na nusu, tukiyamwaga nje juu ya kozi sita.

Mzee alishuka mapema tu, maji bado yanacheza. Hakutuangalia. Alipitisha kiganja kwenye ukuta wa nje, chumba hadi chumba, akainama, akagusa chini.

"Tazameni," akasema. "Haujavuja hata tone."

Sijawahi kutaka kumpiga mtu mzima kama siku ile. Kibaya zaidi, alikuwa anasema kweli, na alikuwa na uso wa mtoto aliyefaulu mtihani.

Bibi Cherehani alikuwa amekaa kwenye kigoda cha nje, kichwa cha cherehani mapajani, maji yakimdondoka.

"Shemeji," akasema, "ulitoa neno lako."

Mzee akakohoa. "Nilitoa. Lakini nilikuwa na maana yakiingia mlangoni. Haya yameingia dirishani."

Nadhani tungemtia ndani ya chumba kimojawapo na kufunga mlango, lakini mkewe alikuwa ameshuka nyuma yake. Mama huyu si mtu wa maneno mengi. Alifungua fundo la nguo yake kiunoni, akatoa funguo za nyumba, akaziweka juu ya cherehani. "Ahadi ni deni," akamwambia mumewe. "Nguo zako nitakuletea. Dada, twende ukaoge."

Hivyo ndivyo Mzee Kozi alivyokuwa mpangaji wa Mzee Kozi. Bibi Cherehani alihamia kule juu, cherehani yake ikaanikwa jikoni kwa Mzee, karibu na jiko, na haikutoa sauti. Mzee akahamia chumba cha kwanza na sanduku moja. Siku ya kwanza aliteguka kifundo cha mguu akishuka kigoda. Siku ya tatu alikwama juu ya kizingiti, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akakaa hivyo mpaka jirani wa chumba cha pili alipokuja kumsukuma, na nina hakika yule jirani hakufanya haraka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wiki ya pili godoro lilikuwa bado bichi, akaamua kupanda kwenda kulalamika. Nilimsindikiza, kwa sababu nisingekubali kusimuliwa.

Alipiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Bibi Cherehani akafungua.

"Karibu. Unatoka chumba namba ngapi?"

"Shemeji, usinifanyie hivyo."

"Shida ni nini?"

"Unyevu. Sakafu haikauki. Kuna maji kwenye kona, nikifuta yanarudi. Usiku nakohoa."

Bibi Cherehani alifikiri kwa makini, mikono kifuani. "Nitakuongezea kozi," akasema. "Moja inatosha."

Huko ndani mke wa Mzee alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nami nilicheka, lakini tuliposhuka, na nikamwona amekaa peke yake juu ya kizingiti chake akisugua kifundo, nilimhurumia. Alikuwa mzee tu, na hakuwa na mahali pakavu pa kukaa.

Maji ya nane hayakuchelewa. Ukuta wa nyuma ulikuwa bado umelala chini, kwa hiyo yalikuja moja kwa moja madirishani, yakajaza, na nje yakaisha kama kawaida yao. Tulikuwa tumeshika sufuria zetu tayari tuliposikia nyundo. Mzee Kozi alikuwa nje ya chumba cha kwanza, amepiga magoti kwenye tope, anagonga patasi chini kabisa ya ukuta wake, mkono wa kushoto wa mlango, palepale pa mkasi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema mama wa chumba cha nne, na akaweka sufuria chini ili atazame vizuri.

Plasta ikabanduka. Tofali likapasuka. Nyuma yake hapakuwa na tofali jingine. Palikuwa na mdomo wa bomba, unene wa kifundo cha mkono, umeshindiliwa matambara na saruji. Mzee aliacha kugonga.

Bibi Cherehani na mke wa Mzee walikuwa wameshasikia nyundo wakashuka. Tukawapisha.

"Aliliacha marehemu mume wangu," akasema Bibi Cherehani. "Vyumba vyote vinane. Mafuriko ya kwanza ukasema ndipo maji yanapoingilia, ukaziba."

"Alinikataza," akasema Mzee.

"Alikukataza."

"Nikamwambia yeye ni msaidizi, mimi ndiye fundi. Nikamwambia kozi moja inatosha." Alivuta pumzi. "Na miaka yote hii kumbe nilijua liko hapa. Sikutaka tu kujua."

Akachokoa kwa patasi, akavuta matambara. Maji yakatoka kwa nguvu, yakampiga kifuani na usoni, na hakusogea. Alikuwa analia, na hakuficha. Bibi Cherehani alimwekea mkono begani, akaachia maji yamlowanishe na yeye.

Mzee alifungua mabomba yote manane kwa mkono wake. Kufika jioni hapakuwa na sufuria iliyotumika.

"Shemeji," akasema alipomaliza, amelowa, nyundo begani, "rudi chumbani kwako."

"Nitarudi."

"Na funguo zangu?"

Bibi Cherehani aliangalia vile vizingiti, chumba hadi chumba. "Bomoa kwanza," akasema. "Kozi moja kwa siku inatosha."

Zikawa siku sita. Siku ya pili tulisikia kutoka kule juu mlio tulioujua, cherehani inashona, inalalamika lakini inashona. Siku ya nne kabati la jirani lilitoka, na tulilibeba tukalizungusha uani, basi tu, kisha tukalirudisha. Siku ya sita nilifika mlangoni kwangu, nikakaa hewani kwa mazoea, nikaanguka chali na viatu vyote.

Chumba cha kwanza kilimaliziwa mwisho. Bibi Cherehani alikuja na cherehani yake mikononi, akasimama kidogo, akaingia kwa hatua moja. Funguo akaziacha kwenye kiganja cha Mzee. Tulidhani atakimbilia kwake kulala. Badala yake alipiga magoti tena chini ya ule ukuta, akasafisha mdomo wa bomba kwa kidole, akalaza pima maji juu yake, akangoja kiputo kitulie.

"Limeinamia nje," akasema. "Alilipima vizuri."