Alhamisi ambazo mizani ilikaa tupu

Nilikuwa karani wa zahanati ya kampuni ya reli hapa Kamina, ile ambayo sote tuliiita dispansere. Kazi yangu ilikuwa kusema nani atibiwe na nani asitibiwe. Sikuisema kwa akili yangu, niliisoma tu. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu cha jamaa, na ndani yake kuliandikwa mke mmoja na watoto aliozaa naye. Aliyekuwamo alipata dawa, kitanda, maziwa ya unga, na ikilazimu, nafasi katika treni mpaka hospitali kubwa ya Elisabethville. Asiyekuwamo alielekezwa kwenye nyumba ya dawa ya serikali, upande wa pili wa mji, ambako kulikuwa na muuguzi mmoja na vidonge vya kwinini.

Kwetu Waluba mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Baba yake akifa, anahamia kwako, na tangu siku hiyo hakuna anayetamka mbele yake kwamba alitoka tumbo jingine. Kulitamka ni sawa na kumwonyesha mlango. Kwa hiyo wanaume walipokuja kuandikisha watoto, waliandikisha wote, nami niliandika. Nilijua nyumba nyingi zilivyokuwa. Nilijua zaidi kwa sababu kitabu changu mwenyewe kilikuwa hivyo hivyo. Binti yetu wa kwanza alikuwa mtoto wa dada yake mke wangu, aliyefariki Kabongo akijifungua. Tulimchukua bado hana meno. Nilimwandika kama mzaliwa wetu, kwa mwandiko ule wa kulala niliofundishwa na mapadri, na sikuona kwamba nimedanganya.

Kisha akaja daktari mpya, Mbelgiji kijana, mtu mpole, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye meli. Alikuja na barua ya wakubwa iliyosema kwamba watoto katika kambi ya wafanyakazi ni wengi mno, na kwamba kila anayetaka kupelekwa Elisabethville achunguzwe kama kweli ni wa damu. Alinisomea barua hiyo akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Tangu asubuhi ile nilianza kuwa mtu wa kufuata sheria kuliko sheria yenyewe, nikidhani kwamba mlinzi anayepiga kelele hatafutwi mfukoni.

Wiki ile ile akaja mfunga mabehewa. Namwita hivyo kwa kazi yake: pale stesheni ndiye aliyeingia kati ya behewa na behewa kuyaunganisha. Alikuwa Mkristo wa kanisani kweli, si wa Jumapili tu. Alimbeba mgongoni binti wa miaka tisa hivi. Mguu wa kulia wa mtoto ulikuwa umevimba chini ya goti, na pembeni kulikuwa na tundu dogo lililotoa usaha. Daktari aliugusa, akaunusa, akasema ugonjwa umeingia kwenye mfupa. Hapa hawezi kuupasua, apelekwe Elisabethville, na apelekwe upesi. Akanipa karatasi ya safari nijaze.

Ningeweza kunakili jina kutoka kitabuni kama nilivyonakili mengine. Daktari alikuwa ananawa mikono, amenipa mgongo. Lakini mtoto yule hakufanana na mfunga mabehewa, na nilijua kwamba mwanamume huyo alikuwa na kaka mkubwa aliyekufa kwenye ajali ya reli karibu na Bukama. Nilijua, na nikataka daktari asikie kwamba karani wake anauliza. Nikasema kwa sauti, "Huyu nani alimzaa?"

Mfunga mabehewa alimtazama mtoto, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja ameshika fremu ya mlango, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Angeweza kudanganya, hakuzoea.

"Yaya yangu njo alimuzala," alisema polepole, maana yake kaka yake mkubwa ndiye aliyemzaa. "Yaya alikufa. Sasa iko mutoto wangu."

Daktari akageuka, mikono inatiririka maji. Aliniuliza kwa Kifaransa kama amesikia vizuri. Nikamwambia amesikia vizuri. Alisikitika, hilo nakumbuka, lakini alichukua kalamu yangu, akapiga mstari juu ya jina la mtoto katika kitabu, na karatasi ya safari ikarudi kwenye saraka ya meza yangu. Alimfunga kidonda kwa bendeji safi, akasema kiendelee kufungwa kwenye nyumba ya dawa ya serikali. Mfunga mabehewa alimpandisha mtoto mgongoni tena. Aliniaga, kwa sababu alikuwa mtu wa kuaga.

Habari ilifika kambini kabla yangu. Kambi ya reli ilikuwa nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, na neno likitamkwa mstari wa kwanza, kufikia mstari wa mwisho limeshapata miguu. Kesho yake sokoni, mwanamke aliyeniuzia unga wa muhogo hakusema habari za asubuhi. Aliniuliza, "Karani, weye nani alikuzala?" Wenzake wakacheka wakiwa wameinamia vikapu. Baada ya hapo ikawa ndiyo salamu yangu. Bomba la maji, mlango wa kanisa, njia ya stesheni: nani alikuzala, karani? Nilitabasamu kama mtu anayejua mzaha.

Wanaume hawakuweza kufanya kitu. Aliyegoma alirudishwa kijijini siku hiyo hiyo na nyumba ikatolewa kwa mwingine. Wanawake ndio walioona mahali pa kushika. Kila Alhamisi walileta watoto wachanga kupimwa uzito chini ya paa la mabati kando ya dispansere. Mizani ilining'inia kwenye ndoana na mfuko wa kitambaa. Mtoto alitiwa humo akipiga mateke, mimi nikaandika kilo. Karatasi zile zilikwenda kwa wakubwa na wakubwa walizipenda. Mkaguzi alikuwa anakuja mwisho wa mwezi hasa kuzitazama.

Alhamisi iliyofuata walikuja wote. Lakini hawakuvuka uzio. Walitandika vitambaa kwenye nyasi, nje, mahali tulipowaona vizuri, wakakaa na watoto wao mapajani wakipiga gumzo. Mizani ilikaa tupu mpaka saa sita. Nilipotoka kuwaita, mmoja akasema, "Panda weye mwenyewe, karani, tuone bongo yako iko kilo ngapi." Bongo kwetu ni uongo. Nilirudi ndani. Daktari aliniuliza wanataka nini. Nilimwambia wanamtaka yule binti atibiwe. Alisema hana ruhusa.

Alhamisi ya pili ikawa vilevile. Daktari alitoka mwenyewe, akawaambia asiyepimisha mtoto hatapata maziwa. Mke wa mfunga mabehewa alisimama, mwanamke mfupi, mwenye kitambaa cha bluu kichwani. Alimjibu kwa heshima kabisa kwamba maziwa ni mazuri, wanashukuru, na akakaa. Huyo binti mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye mkeka kando yake, inzi wanafukuzwa kwa jani.

Usiku huo mke wangu aliniambia walichokuwa wamekubaliana kwa Alhamisi ya tatu. Watakuja na vitabu. Kila mwenye mtoto asiyemzaa atasimama mbele ya daktari na kumtaja. Nilifikiri nimesikia vibaya. Kusema vile hadharani, mtoto mwenyewe akisikia? Alisema ndiyo, wamelia kwa ajili ya hilo, lakini wamekubaliana: kama atafutwa mmoja, wafutwe wote, na daktari aone kambi itakavyokuwa. Kisha akasema naye atakwenda na kitabu chetu.

Nilimkataza. Nilimwambia wao wakifutwa, waume zao wanabaki na kazi. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, wataniita mwizi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bote batasema, minyi peke yangu ninyamaze?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, wote waseme, yeye anyamaze. Nilimwambia afikirie binti yetu, naye alikuwa anamfikiria kuliko mimi. Alhamisi alibaki nyumbani. Alitwanga muhogo tangu alfajiri hata baada ya unga kwisha kinuni. Jirani ndiye aliyeniambia.

Siku hiyo walivuka uzio. Walisimama kwa mstari kuanzia kwenye mizani mpaka barabarani, watoto wakubwa wameshikwa mikono. Daktari alikaa mezani, nami kando yake na karatasi. Alikuwa ameniambia niandike kila kitu. Wa kwanza alikuwa mke wa dereva wa garimoshi, mwanamke wa Kinkondja mwenye kiburi cha watu wa ziwani. Aliweka kitabu mezani, akamshika kichwa mvulana wa miaka sita.

"Uyu sikumuzala," alisema. "Mama yake alikuwa ndogo yangu. Andika."

Niliandika. Akaja wa pili, wa tatu. Wengine walisema haraka kama wanaomeza dawa chungu. Mmoja alishindwa, alisimama mdomo wazi, binti aliyemshika mkono akamtazama kwa kumwuliza, mpaka wa nyuma yake akamsemea. Watoto wengine walianza kulia bila kujua kwa nini. Wengine walijua. Nilimwona msichana mkubwa akiuachia mkono wa mama yake taratibu, kidole kimoja kimoja, na mama akaushika tena kwa nguvu. Mimi nilitazama karatasi. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri, hata daktari alisifu.

Mstari ulipokwisha alizihesabu karatasi, akavua miwani. Aliniuliza kwa Kifaransa kama wote wamekwisha, kama hakuna aliyebaki kambini.

Nilimwambia hakuna.

Alisema kwamba akifuta hawa wote, atakuwa daktari wa viti vitupu. Hakufuta hata mmoja. Siku hiyo hiyo aliandika barua ndefu, akaambatanisha orodha yangu, ikaondoka na treni ya kusini. Mkaguzi alipofika alikuta mizani tupu na nakala ya orodha mezani. Majibu yalikuja taratibu, kama majibu yote ya wakubwa. Yalisema kwamba watoto waliotajwa katika orodha ile, kwa jina, wahesabiwe kama watoto wa mfanyakazi. Waliotajwa tu. Orodha imefungwa.

Tangu karatasi ya safari irudi kwenye saraka mpaka ilipotoka, zilipita wiki sita. Niliijaza kwa mkono wangu. Mfunga mabehewa alikuja jioni nyumbani kwangu na samaki wakavu wa Bukama waliofungwa kwa kamba, kunishukuru kwa kuandika orodha vizuri bila kumruka mtu. Mke wangu aliwapokea samaki kwa mikono miwili, akaingia ndani, hakutoka tena. Mgeni alidhani ni mgonjwa. Nilimwambia ndiyo, kichwa kinamuuma.

Elisabethville walisema mfupa umeoza. Walimkata mguu juu ya goti. Daktari wetu alinionyesha barua, na akanionyesha pale walipoandika kwamba angefika mwezi mmoja mapema, wangeukwangua mfupa na mguu ungebaki. Hakunilaumu. Alikunja barua, akasema sheria ilikuwa sheria, na kwamba mimi nilifanya kazi yangu. Nilitamani aniulize swali moja tu, kwa nini niliuliza vile. Sikulipata, na sikujisemea mwenyewe.

Binti yetu hakuugua ugonjwa wowote wa maana kambini, namshukuru Mungu. Kila alipopata homa mke wangu alimfunika na kumpa majani, hakumpeleka dispansere. Hakuniambia sababu.

Yule binti wa mfunga mabehewa alikua. Masista walimfundisha kushona, na miaka michache kabla ya uhuru alikuwa na cherehani ya mkono kwenye baraza la nyumba yao, magongo yameegemezwa ukutani. Mashati yangu yote nilimpelekea yeye, hata yasiyochanika. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka aniseme.

Siku moja nilikuwa nimekaa nangoja kola igeuzwe. Hapakuwa na mtu mwingine. Alikata uzi kwa meno, akasema bila kunitazama kwamba siku zote alitaka kuniambia jambo.

"Tata, minyi nilikuwa sijue," alisema, akiniita baba kwa heshima. "Siku ile ulimuuliza baba, minyi nilikuwa pale ku mulango. Njo pale nilijua."

Nilianza kusema kuhusu mguu. Nilisema nilivyoweza, kwamba ni mimi, kwamba ningenyamaza tu angekwenda na treni ya kesho yake, kwamba nilikuwa naogopa ya kwangu. Ndiyo mara ya kwanza niliyatamka kwa mtu. Alinisikiliza, mkono wake umekaa juu ya gurudumu la cherehani.

"Mguu nilisha kuuzoea," alisema.

Akanipa shati. Kola ilikuwa imenyooka. Nilibaki nimesimama pale nikilikunja na kulikunjua, mpaka mteja mwingine akaingia na suruali, akanisalimu, nikalazimika kumpisha.